Mkasi Si Adui wa Mpilipili

Yako maneno matatu yasemwayo juu ya mpilipili, nami huyasikia kila mara katika vinywa vya watu wazima na vya wanafunzi pia. La kwanza ni kwamba mpilipili ni mti wa hivi hivi, uotao nyuma ya jiko kwa mbegu iliyodondoshwa na ndege, wala hauhitaji elimu. La pili ni kwamba kuzalisha mbegu chotara ni kazi ya makampuni na ya wataalamu wenye makoti meupe, wala haimpasi mtu wa nyumbani. La tatu ni kwamba kuukata mti unaokaribia kuchanua ni upotevu, na tena ni ukatili. Nasema maneno haya yote matatu ni uongo. Nao si uongo wa kuchekesha, kwa kuwa watugharimu. Watugharimu fedha kila msimu, watugharimu ujuzi, na lililo baya zaidi, wawafundisha vijana kuyaogopa mambo ambayo mikono yao yaweza kuyatenda.

Nataka kuyapinga maneno hayo moja baada ya jingine. Msomaji asiyekubaliana nami ana ruhusa ya kunipinga, lakini na anipinge kwa mche alioupanda, si kwa ulimi mtupu.

Tuanze na la kwanza. Wengi hudhani kwamba mpilipili ni mwenyeji wa nchi hii tangu kale. Sivyo. Asili yake ni bara la Amerika, ambako watu wa Meksiko na wa milima ya Andes waliulima kwa maelfu ya miaka kabla Christopher Columbus hajavuka bahari mwaka 1492. Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, pilipili iliyojulikana katika biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa pilipili manga, ambayo si ndugu wa mpilipili huu hata kidogo. Mpilipili wetu ulifika baadaye, katika vyombo vilivyofuata njia za Wareno, ukapokewa vizuri mno hata wajukuu wakasahau kwamba ulikuwa mgeni.

Ni wajibu wetu kujua pia jinsi ulivyokuwa kabla mwanadamu hajauzoea. Mpilipili wa mwitu huzaa vitunda vidogo, vinavyosimama wima, vyepesi kuanguka, na vikali sana. Kwa nini? Kwa sababu ndege hawausikii ukali wa pilipili, nao ndio wanaozichukua mbegu na kuzieneza mbali. Mnyama mwenye meno ya kusaga angeziharibu, naye huzuiwa na ukali huo. Basi maumbile yaliutengeneza mti kwa haja ya mti na ya ndege, hayakukusudia kikapu cha mtu. Hoho nene lililoinama juu ya kikonyo chake, na pilipili mbuzi iliyojikunja kama taa ya karatasi, ni kazi ya wakulima waliochagua, vizazi kwa vizazi, mbegu ya kupanda na mbegu ya kutupa. Asemaye, "Uache tu, maumbile yajua," asema kweli. Lakini maumbile yajua haja ya ndege. Haja ya mkulima ni juu ya mkulima kuijua.

Nimefika kwenye neno la pili, ambalo ndilo lenye madhara makubwa zaidi. Twaambiwa kwamba uchotara ni siri. Je, siri hiyo ilianza wapi? Ilianza katika bustani ya monasteri mjini Brno, ambako mtawa mmoja, Gregor Mendel, alipanda njegere kati ya mwaka 1856 na 1863. Mtu huyo hakufaulu mtihani wa kuthibitishwa kuwa mwalimu. Hakuwa na mashine. Alikuwa na kibano, na subira, na daftari ambamo aliandika hesabu ya kila mmea aliouona. Maandishi yake yalitolewa mwaka 1866, yakapuuzwa hata mwaka 1900, ndipo ulimwengu ulipotambua kwamba msingi wa elimu ya urithi ulikuwa umekwisha kujengwa katika vitalu vya njegere.

Ama kuhusu mpilipili wenyewe, yatosha kumtaja Fabián García. Alizaliwa Meksiko mwaka 1871, akawa yatima angali mtoto mdogo, akalelewa na bibi yake aliyevuka naye mpaka kutafuta riziki New Mexico, Marekani. Mwaka 1894 alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza kabisa kuhitimu katika chuo cha kilimo cha huko. Mwanzoni mwa karne ya 20 alikusanya mipilipili ya wakulima majirani zake, akachagua na kuchagua tena, mpaka akapata aina iliyoitwa New Mexico No. 9, ambayo ni mzee wa pilipili nyingi zinazolimwa kule hata leo. Na wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1964, katika kituo cha utafiti cha Kitale, yalitolewa mahindi chotara yaitwayo H611, yaliyozaliwa kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Ndoa hiyo ya mahindi ya mbali na ya karibu iliyabadili mashamba ya nyanda za juu za Kenya. Tofauti kati ya kazi ya Kitale na kazi uwezayo kuifanya katika kitalu cha shule ni tofauti ya ukubwa. Si tofauti ya namna.

Usiyakubali haya kwa kuwa nimeyasema mimi. Jaribu. Chagua wazazi wawili wa jamii moja. Kwa mama twaa hoho la aina ya California Wonder, ambalo si kali. Kwa baba twaa pilipili ndefu nyembamba ya aina ya Cayenne, iliyo kali. Zote mbili ni za jamii ambayo wanasayansi huiita *Capsicum annuum*, na mbegu zake si chotara, yaani kila kizazi hufanana na kilichotangulia, maadamu nyuki hawakuingilia kati. Asubuhi, tafuta katika mti wa mama tumba lililovimba na kuwa jeupe, ambalo bado halijafunguka lakini kesho litafunguka. Lifungue taratibu kwa kibano, uviondoe vifuko vyote vya chavua vilivyokizunguka kijiti cha katikati kabla havijapasuka. Kisha twaa ua lililofunguka la baba, upake chavua yake juu ya ncha ya kijiti hicho. Lifunike ua kwa kipande cha shashi ili nyuki asilete chavua nyingine, ufunge uzi mwekundu penye kikonyo, na uandike tarehe katika daftari. Maua mengine yatapukutika. Usikate tamaa; fanya kumi, na hata yakishika mawili umefaulu. Tunda liache mpaka liive kabisa na kuwa jekundu, ndipo ulichume kwa ajili ya mbegu.

Hapa sharti niupige uongo mwingine uliozaliwa na ule wa kwanza. Husemwa kwamba hoho likipandwa karibu na pilipili kali, matunda yake huwa makali msimu ule ule. Hasha! Nyama ya tunda ni mwili wa mama, nayo haigeuki kwa chavua ya baba. Lililogeuka ni mbegu iliyomo ndani, nalo halitaonekana mpaka mbegu hiyo ipandwe, iote na kuzaa. Na tukiwa katika kusahihisha, ukali wa pilipili hautoki katika mbegu, kama watu wengi wasemavyo, bali hutengenezwa katika utando mweupe unaozishika mbegu hizo. Ulimi husikia ukali wa mbegu kwa sababu zimepakwa na jirani yake.

Basi zipande mbegu za tunda lile. Hao ndio chotara wa kwanza, nao wote watazaa pilipili kali, kwa kuwa sifa ya kuwa na ukali huishinda sifa ya kutokuwa nao. Sasa funika maua ya chotara hao kwa shashi ili yajichavushe yenyewe, na mbegu zake uzipande tena. Ndipo utakapoona ajabu ile aliyoiona Mendel: katika kila mimea 4, kwa wastani 3 itakuwa na ukali na 1 haitakuwa nao kabisa. Ukipanda 40, tazamia kiasi cha 10 isiyo na ukali, ikipungua kidogo au kuzidi kidogo. Maumbo nayo yatatawanyika: mapana, marefu, yaliyopinda, yanayoinama na yanayosimama. Na ukichagua mmoja uupendao, ukauzalisha peke yake kizazi baada ya kizazi, tofauti zilizofichika ndani yake hupungua kwa nusu kila mara. Zikiwa 100 katika chotara wa kwanza, hubaki 50 katika kizazi cha pili, 25 katika cha tatu, na hufika karibu 3 katika cha sita. Panapo maji ya kutosha, vizazi viwili vyaweza kupatikana kwa mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba mwanafunzi aanzaye leo aweza kumaliza masomo yake akiwa na aina ya pilipili ambayo haikuwako duniani siku alipoingia shuleni.

Ujuzi huu huwajibu watu wa pande mbili. Yuko mkulima alalamikaye kwamba kampuni imemroga, ati kwa sababu mbegu alizozitoa katika matunda chotara hazikufanana na mama yake. Hakurogwa, ni hesabu ile ile ya 3 kwa 1, ikirudiwa katika sifa nyingi kwa pamoja. Yuko na mchuuzi wa mbegu asemaye kwamba bila yeye hapana chotara. Yeye naye asiaminiwe, kwa kuwa umekwisha kuona jinsi chotara apatikanavyo kwa kibano na uzi.

Tena jambo hili si mchezo wa bustani tu. Katika sheria ya mbegu ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, viliwekwa vifungu vilivyoweza kumfunga gerezani miaka 2, au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 1, mtu aliyeuza au kugawa mbegu zisizothibitishwa. Wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu vilivyowanyima wakulima uhuru wa kuweka na kugawana mbegu zao vilikuwa kinyume cha Katiba. Nafurahi kwa hukumu hiyo. Lakini nauliza: haki ya kuweka mbegu yamfaa nini mtu asiyejua kuichagua? Haki bila ujuzi ni ghala tupu lenye kufuli jipya. Wakulima waliipigania haki. Kuutafuta ujuzi ni kazi ya shule, tena ni kazi yako wewe usomaye kurasa hizi.

Sasa nakuja kwenye mkasi. Wapo watu wema, wenye moyo laini, wasioweza kuukata mti. Huutazama mpilipili ulionyooka kama fimbo, wenye majani machache juu na matunda matatu, wakasema, "Tuuhurumie." Huruma isiyo na maarifa ndiyo iliyoufanya mti huo kuwa fimbo! Katika ncha ya mche hutengenezwa kemikali iitwayo auksini, nayo ikishuka katika shina huyazuia machipukizi ya pembeni yasiamke. Maadamu ncha ipo, hiyo ndiyo mfalme, na machipukizi mengine ni raia waliolala. Ondoa ncha, na baada ya siku chache raia wataamka, kila mmoja akawa tawi, na kila tawi likagawanyika, na kila panapogawanyika hutoka ua.

Basi mche ukiwa na urefu wa sentimita 20 hivi na majani 8 au 10 yaliyokomaa, kata ncha yake juu kidogo ya kifundo. Au kama wataka uache ugawanyike wenyewe, ungoje mpaka shina lifanye panda ya kwanza. Hapo utaona ua la kwanza limekaa katikati ya panda. Liondoe. Najua mkono utasita, lakini tunda hilo la kwanza hula chakula ambacho mizizi na matawi yalikihitaji. Ondoa na machipukizi yaliyo chini ya panda, pamoja na majani yanayogusa ardhi, kwa kuwa matone ya mvua hurusha udongo wenye vijidudu vya magonjwa juu ya majani hayo. Matawi yanayopitana na kusuguana ndani ya mti yapunguze, ili upepo upite. Fanya kazi hiyo asubuhi isiyo na mvua, kwa wembe au mkasi uliooshwa kwa sabuni kila utokapo mti mmoja kwenda mwingine. Na avutaye tumbaku aoshe mikono kwanza, maana tumbaku ina virusi vya batobato ambavyo huingia katika mpilipili kwa njia ya jeraha.

Wapinzani wangu watasema, "Umetupa nusu ya mti." Sikutupa kitu. Ile ncha niliyoikata, ikichomekwa katika mchanga wenye unyevu kivulini, yaweza kutoa mizizi na kuwa mti mwingine, ulio sawasawa na mama yake. Hapo ndipo mkasi na uchotara zinapokutana. Mbegu za chotara hutawanya sifa zake, kama tulivyoona. Lakini kipandikizi cha chotara huzihifadhi zote. Tena mpilipili si mmea wa msimu mmoja. Mahali pasipo na baridi ya kuua mimea, huishi miaka kadhaa. Mavuno yakiisha, uyapunguze matawi, kila tawi ubakize vifundo viwili au vitatu, utie samadi, ungoje mvua. Mti utachipua upya na kuzaa tena. Mwenye chotara mmoja mzuri na mkasi mmoja safi hana haja ya kulia juu ya bei ya mbegu msimu ujao. Ni yupi basi aliye mpotevu, akataye na kupata miti miwili, au ahurumiaye na kubaki na fimbo?

Nisije nikahesabiwa miongoni mwa washupavu, nakiri kwamba mkasi una mipaka. Pilipili ndogo kali zile zilizo karibu na asili ya mwitu hutawanya matawi zenyewe, wala hazihitaji kukatwa sana. Kukata ncha huchelewesha mavuno ya kwanza kwa wiki chache, na mwenye haja ya fedha za haraka ajue hivyo. Katika nchi ya jua kali kama Garissa au Lodwar, majani ndiyo mwavuli wa matunda. Ukiyaondoa kwa pupa, matunda huungua ubavuni. Wakati mti unapozaa, usiondoe zaidi ya theluthi yake kwa mara moja. Lakini mipaka hii yathibitisha neno langu. Ili mtu ajue mahali pa kutokata, ni lazima kwanza awe amejua kwa nini hukatwa.

Limebaki pingamizi moja, nalo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwa kuwa latoka katika nyumba yetu sisi walimu. Katika shule nyingi jembe ni adhabu. Aliyechelewa alima. Aliyezungumza wakati wa maktaba alima. Aliyefaulu hukaa kivulini akitazama. Tungemcheka mwalimu ambaye angewaadhibu wakosaji kwa kuwasomesha mashairi, kisha akashangaa kwamba darasa lake lachukia ushairi. Mbona basi hatujicheki wenyewe tunaposhangaa kwamba vijana wanaukimbia udongo? Tumewafundisha kwa miaka mingi kwamba udongo ni mahali pa wahalifu, nao wamelijifunza somo hilo vizuri kuliko masomo mengine yote. Nasema kitalu cha mpilipili kipewe wale waliofanya vizuri, tena kiombwe kwa barua, na anayekiharibu akinyang'anywe. Hapo tutaona kama jembe halitapiganiwa.

Wengine watanidhihaki kwamba nimeyasema mengi mno juu ya kiungo ambacho mtu hashibi kwacho. Hao nawajibu kwa maneno ya wahenga: pilipili usiyoila yakuwashiani? Njegere nazo zilikuwa chakula kidogo katika bustani ya Brno. Mmea mdogo una faida hii, kwamba huenea katika debe lililotobolewa chini, hukua mbele ya macho, na hutoa jibu kabla muulizaji hajasahau swali. Mwanafunzi asiye na shamba ana debe. Asiye na mkasi ana wembe. Asiye na shashi ana kipande cha neti iliyochakaa.

Kwa hiyo, msomaji, usiyabebe maneno yangu kama ulivyoyabeba yale matatu ya mwanzo. Tafuta mbegu za aina mbili wiki hii. Zikiota, baada ya siku 8 au 14, andika hesabu. Miche ikifika shibiri moja, kata ncha za nusu yake, nusu nyingine uiache kama ilivyo, kisha uhesabu matunda ya kila upande mpaka mwisho wa msimu. Hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kati yangu na wapinzani wangu. Ila tu, baada ya kuchuma, nawa kwa sabuni kabla hujagusa jicho.